Kontena moja kutoka Kuba: uchambuzi wa ununuzi uliokwama njiani kuja Nairobi

Kisa hiki ni cha kampuni ndogo ya Nairobi iliyoagiza kontena moja la dawa ya kibayolojia ya kuua viluwiluwi vya mbu kutoka Kuba, kati ya 2022 na 2023. Majina ya kampuni, benki, kaunti na bidhaa yameondolewa, na viwango vya fedha vimezungushwa bila kuharibu uwiano wake. Mzigo ni mdogo, lakini kila mahali ulipokwama panaonyesha jinsi vikwazo vya zaidi ya miaka sitini vinavyoutafuna uchumi wa nchi ndogo.

Usuli

Vikwazo vya Marekani dhidi ya Kuba vilikuja kwa hatua. Julai 1960 Rais Eisenhower alikata mgawo wa sukari ya Kuba katika soko la Marekani. Oktoba mwaka huohuo bidhaa nyingi za Marekani zilizuiwa kwenda kisiwani, isipokuwa chakula na dawa, na tarehe 7 Februari 1962, chini ya Kennedy, karibu biashara yote ikafungwa. Kabla ya hapo, takribani theluthi mbili ya biashara ya nje ya Kuba ilikuwa na jirani huyo. Umoja wa Kisovieti uliziba pengo kwa miaka thelathini: ulinunua sukari kwa bei iliyozidi ya soko na kuuza mafuta kwa masharti nafuu. Ulipovunjika mwaka 1991, pato la Kuba lilianguka kwa karibu theluthi moja ndani ya miaka michache. Mavuno ya sukari yaliyokuwa tani milioni 8 hivi mwaka 1990 yalishuka chini ya nusu kufikia 1995, na mwaka 2002 serikali yenyewe ikafunga karibu nusu ya viwanda vya miwa.

Badala ya kulegeza, Marekani ilikaza. Sheria ya 1992 ilizuia matawi ya kampuni za Marekani yaliyo nchi nyingine kuiuzia Kuba, na meli iliyotia nanga Kuba kwa biashara ikakatazwa kupakia au kupakua Marekani kwa siku 180. Sheria ya 1996 ikaongeza haki ya kushtaki yeyote anayenufaika na mali iliyotaifishwa baada ya mapinduzi ya 1959. Kifungu hicho kilisimamishwa na marais mmoja baada ya mwingine hadi 2 Mei 2019, kilipoachiwa kufanya kazi. Januari 2021 Kuba ikarudishwa kwenye orodha ya Marekani ya nchi zinazofadhili ugaidi. Kwa mteja wa kawaida orodha hiyo ni siasa tu, lakini ofisa wa benki anayekagua miamala huiona kama taa nyekundu.

Hapa ndipo wengi wa Nairobi hukosea. Sheria ya Kenya haikatazi kununua bidhaa ya Kuba. Kenya huunga mkono azimio la Umoja wa Mataifa la kupinga vikwazo hivyo, azimio ambalo mwaka 2023 lilipita kwa kura 187 dhidi ya 2. Madaktari wa Kuba wapatao 100 walikuja kufanya kazi katika kaunti zetu mwaka 2018 kwa mkataba wa serikali mbili. Kwa hiyo mwagizaji huona njia nyeupe, asijue kwamba kura ya New York haifungui akaunti ya benki.

Mkataba ulivyokuwa

Mwagizaji alikuwa na wateja wawili waliokwisha kuahidi kununua: kaunti moja ya ukanda wa ziwa na kampuni ya kunyunyizia dawa. Bidhaa ilikuwa ya maji, yenye bakteria aina ya Bacillus thuringiensis israelensis, na ilikuwa imesajiliwa tayari na bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu. Kontena la futi 20 lilipangwa paleti 10, kila paleti mitungi 36 ya lita 20. Hiyo ni mitungi 360, lita 7,200. Bei ilikuwa yuro 6 kwa lita, jumla yuro 43,200: arubuni asilimia 30 (yuro 12,960), na salio baada ya nakala za hati za shehena kufika.

Masharti mawili ya mkataba yalikuja kuwa na uzito kuliko bei. Dawa ina muda wa matumizi wa miezi 18 tangu kutengenezwa. Kaunti nayo ilidai ipokee mzigo ukiwa na angalau miezi 12 iliyobaki. Ratiba ilionyesha mzigo ungefika ghalani Nairobi wiki ya 16, kwa hiyo nafasi ilikuwa ya kutosha. Kwenye karatasi.

Mambo yalivyofuatana

Muuzaji wa Havana alitaka barua ya mkopo ya benki, yaani ahadi ya benki kumlipa akiwasilisha hati za shehena. Benki ya mwagizaji ilikataa siku ileile. Pande zote zikakubaliana na uhamisho wa kawaida kwa yuro, na wiki ya 1 arubuni ikatumwa.

Benki ya Nairobi haina akaunti Havana. Yuro zake hupitia akaunti ya nostro, yaani akaunti yake yenyewe iliyofunguliwa katika benki kubwa ya Ulaya, na dola zake hupitia New York. Ujumbe wa MT103, yaani agizo la malipo linalopita mtandao wa mawasiliano ya benki wa SWIFT, uliotoka Nairobi ulikuwa na jina la muuzaji na anwani yake ya La Habana katika sehemu ya 59, na namba ya mkataba katika sehemu ya 70. Chujio la benki ya Ulaya, programu inayokagua miamala, lilinasa neno moja: La Habana, yaani Havana. Pesa hazikurudi wala hazikwenda mbele. Zilikaa siku tisa za kazi huku maswali yakija kwa awamu: mkataba uko wapi, bidhaa ni nini, mmiliki wa kampuni ya Nairobi ni nani, kuna kijenzi chochote cha Marekani ndani yake? Kila jibu lilizaa swali jipya. Wiki ya 4 fedha zikarudishwa, pungufu yuro 85 za ada.

Tangu 1996 Umoja wa Ulaya una kanuni, namba 2271/96, inayokataza kampuni na benki zake kutii sheria hizo za Marekani dhidi ya Kuba. Benki haikuivunja waziwazi. Ilisema muamala hauendani na sera yake ya hatari, ikaishia hapo. Benki hizo hazijasahau kwamba mwaka 2014 BNP Paribas ililipa takribani dola bilioni 8.9 nchini Marekani kwa miamala ya Sudan, Iran na Kuba. Faida ya benki kwa uhamisho wa yuro 12,960 haifiki hata bei ya chakula cha mchana cha mwanasheria wake.

Wakati pesa zikizunguka, kiwanda cha Havana kilikuwa kimeshatengeneza dawa. Kiwanda hicho hufuata mpango wa uzalishaji wa robo mwaka, wala si tarehe ya malipo ya mteja. Mitungi ilipigwa muhuri wa tarehe ya wiki ya 3, na kuanzia hapo miezi 18 ikaanza kuhesabiwa, mzigo ukiwa umelala bohari ya nchi ya joto.

Kati ya wiki ya 4 na ya 11 mwagizaji alitafuta njia nyingine ya kulipa. Tutarudi kwenye uamuzi huo. Wiki ya 11 malipo yalipita, kwa kumlipa msambazaji wa Uhispania aliyenunua mzigo Havana na kuuuza tena.

Baada ya malipo, kiwanda kikaishiwa vifuniko vya mitungi. Vifuniko huagizwa nje, na fedha za kigeni za kuvinunulia hugawiwa kutoka ngazi ya juu. Mitungi 250 ilipata vifuniko vya kawaida, vyenye karatasi ya foili chini yake. Iliyobaki 110 ilifungwa kwa vifuniko vya aina nyingine, vilivyokuwepo stoo, bila foili. Hakuna aliyemwarifu mnunuzi.

Wiki ya 14 wakala wa meli wa Mombasa alithibitisha nafasi, na siku nne baadaye makao makuu ya kampuni hiyo ya meli yakaifuta. Bandari ya Mariel, magharibi mwa Havana, ndiyo bandari kuu ya makontena ya Kuba tangu 2014. Wadai wa ardhi ya eneo hilo wamezishtaki kampuni za meli Marekani chini ya kifungu kilichoachiwa 2019, na wakala wa Mombasa hakuwa na habari. Kontena lilipata meli nyingine wiki ya 17, likafika Uhispania wiki ya 20, likasubiri gatini wiki mbili, likahamishiwa meli ya kupita Suez, likashuka Mombasa wiki ya 27.

Lilipofunguliwa kwenye bohari ya makontena ya Embakasi, Nairobi, baada ya kuletwa kwa reli, sakafu ilikuwa imelowa. Mitungi 14 ilikuwa imevuja, yote ya vifuniko visivyo na foili na yote ya safu ya chini, ambako uzito wa safu mbili za juu hubana mtungi na kusukuma maji kwenye uzi wa kifuniko. Lebo za mitungi jirani zilikuwa zimebanduka. Ukaguzi ukarudiwa, sampuli zikapelekwa maabara kupimwa kwa viluwiluwi hai. Dawa ilifaulu. Lakini mzigo uliingia ghalani wiki ya 31 ukiwa na miezi 11 na nusu iliyobaki.

Uamuzi mgumu na sababu zake

Njia ya kwanza iliyoletwa mezani ilikuwa ya dalali wa Dubai. Angelipwa kwa dola, kamisheni asilimia 9, na ankara ingeandikwa bila kutaja nchi ya asili. Mwagizaji alikataa, na uamuzi huo ndio bora zaidi katika kisa kizima. Dola inayopita New York ikigunduliwa kuwa na maslahi ya Kuba si lazima irudishwe kama yuro ile ilivyorudi. Inaweza kuzuiliwa katika akaunti iliyofungwa, na kuitoa huhitaji leseni ya Wizara ya Fedha ya Marekani. Wakati huo hata mlango mdogo uliokuwepo, wa kuruhusu dola zisizoanzia wala kuishia Marekani zipite tu kwenye benki zake, ulikuwa umefungwa tangu Oktoba 2019. Isitoshe, ankara isiyo na asili ingegongana na cheti cha asili mbele ya forodha Mombasa. Aliyefuta jina kwenye ankara angegeuza ununuzi halali kuwa kosa la jinai hapahapa Kenya.

Njia ya pili ilikuwa msambazaji wa Uhispania, kamisheni asilimia 7. Yeye ana akaunti katika benki ya huko iliyozoea biashara ya Kuba. Mwagizaji aliweka masharti matatu: asili ya bidhaa iandikwe wazi kwenye kila hati, benki ya Nairobi ipate faili lote kabla ya kutuma senti, na benki ya mpokeaji ikubali kwa maandishi. Sharti la tatu lilikula wiki nne peke yake. Lakini malipo yalipotumwa yalifika baada ya siku mbili.

Hesabu ilivyotoka

Kamisheni ilikuwa yuro 3,024. Nauli ya meli ilipanda kutoka makadirio ya 5,200 hadi 6,900, nyongeza ya 1,700. Ada za benki na uthibitishaji wa hati zilikuwa 295. Kaunti ilikubali mitungi yake 220 kwa punguzo la asilimia 10, kwa sababu ya wiki mbili zilizopungua. Mwagizaji alipoteza hapo yuro 4,620. Mteja wa pili alichukua mitungi 126 kwa bei kamili. Jumla ni yuro 9,639, zaidi kidogo ya asilimia 22 ya thamani ya mzigo. Mitungi iliyovuja, yuro 1,680, ililipwa na muuzaji kwa kukatwa kwenye agizo lililofuata.

Kati ya wiki 15 zilizopotea, 10 ziliishia kwenye malipo, 2 baharini na Uhispania, 1 kwenye upakiaji, na 2 Embakasi kwa sababu ya uvujaji.

Uchambuzi

Ukitazama hesabu hiyo, hakuna mahali Marekani ilipoikataza kampuni ya Nairobi jambo lolote. Hakuna barua iliyotoka Washington. Waliokataa ni benki ya Ulaya na kampuni ya meli, kila mmoja kwa hofu yake, na waliokubali walitoza kwa kukubali kwao. Vikwazo vya muda mrefu hufanya kazi hivyo: havijengi ukuta, vinaweka ushuru usio na risiti kwenye kila mlango.

Nchi ndogo huumia zaidi kwa sababu maagizo yake ni madogo. Kazi ya kukagua faili la yuro 43,000 hailingani na thamani yake. Ni maswali yaleyale, wanasheria walewale, hatari ileile ya faini ambayo ingekuwepo kwa yuro milioni 4. Muuzaji mkubwa wa mafuta aliyewekewa vikwazo hupata benki na meli za kumhudumia, kwa kuwa faida inalipia woga. Kiwanda cha mitungi ya lita 20 hakipati. Haishangazi kwamba Kuba imegeukia kuuza huduma za madaktari kwa mikataba ya serikali kwa serikali: daktari hapandi meli inayoogopa Mariel, na malipo yake huja kwa mafungu makubwa.

Gharama hizo hatimaye hulipwa na nani? Mara ya kwanza alilipa mwagizaji. Mara ya pili hakukubali. Kwenye agizo lililofuata alidai yuro 5.40 kwa lita, Havana ikakubali, kwa sababu haikuwa na foleni ya wanunuzi wengine. Dawa ile kaunti na kampuni ya kunyunyizia hazikuipata kwa bei rahisi zaidi; tofauti ilibaki Uhispania, benki na melini. Rudia hilo kwa kila bidhaa inayotoka kisiwani, kisha geuza upande wa pili, kila kifuniko, kila pampu na kila kipuri kinachoingia kwa bei ya juu, na utaelewa kwa nini kiwanda kinakosa hata fedha ya vifuniko.

Hata hivyo kutupia vikwazo kila lawama ni uvivu. Kutengeneza dawa kabla ya kulipwa ni utaratibu wa mpango wa serikali ya Kuba. Kubadilisha vifuniko bila kumwambia mteja ni usimamizi mbovu popote pale. Kiwanda kisichoshika fedha zake za kigeni hakiwezi kununua foili kikitaka. Pia Kuba iliacha kulipa madeni yake ya nje mwaka 1986 na ikapata makubaliano na wadai wa Klabu ya Paris (kundi la nchi zinazokopesha) mwaka 2015 tu, hivyo wadai wana sababu zao za kuitilia shaka zisizohusu Marekani kabisa. Tatizo ni kwamba mambo haya mawili yanalishana. Uhaba unaipa serikali sababu ya kugawa kila senti kutoka juu, na ugawaji huo unazidisha uhaba.

Wasafirishaji wa zamani wa Nairobi watakumbuka vikwazo vya kanda dhidi ya Burundi, vilivyotangazwa Julai 1996 baada ya mapinduzi ya Pierre Buyoya na kusimamishwa Januari 1999. Mafuta yalipanda bei, magendo yakanawiri, na vilipoondolewa malori yakarudi barabara ileile, kwa madereva na mawakala walewale. Miaka miwili na nusu haitoshi kusahau njia. Miaka sitini inatosha: mashine za kiwanda cha Havana, bandari zake, wasambazaji wake na hata namna ya kuandika mikataba yake vimeundwa kuizunguka Marekani. Vikwazo vikifutwa kesho, vifuniko havitakuwepo keshokutwa.

Kilichofaa kwa upande wa Nairobi ni yuro badala ya dola, uwazi wa asili, na ridhaa ya benki ya mpokeaji kwa maandishi kabla ya kutuma. Kilichoharibika kilianza mapema: mkataba ulitiwa saini kabla ya benki kuulizwa, na nafasi ya meli ilithibitishwa na wakala, si makao makuu. Wala mkataba haukutaja kifuniko. Mtu anayenunua maji yaliyofungwa kwenye plastiki aandike aina ya kifuniko, foili, nguvu ya kukaza, na idadi ya safu kwenye paleti.

Agizo la pili

Mpangilio uligeuzwa. Faili la benki lilianza wiki sita kabla ya saini. Mkataba ulisema tarehe ya kutengenezwa isitangulie siku fedha zilipoingia. Msambazaji wa Uhispania alituma vifuniko 400 vyenye foili hadi Havana, vikakatwa kwenye bei, na paleti zikapangwa safu mbili na ubao kati ya safu, hivyo kontena likabeba mitungi 240 tu. Nauli kwa lita ilipanda, uvujaji ukawa mtungi mmoja. Mzigo ulifika ghalani wiki ya 19 tangu saini, ukiwa na miezi 14 na zaidi.

Mei 2024 Marekani iliruhusu tena dola zisizoanzia wala kuishia kwake zipite kwenye benki zake hata zikihusu Kuba. Mwagizaji aliiandikia benki yake kuuliza kama sasa anaweza kulipa Havana moja kwa moja. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: sera ya benki haijabadilika, kila muamala utaangaliwa kivyake. Agizo la tatu lilipitia Uhispania, kamisheni asilimia 5.